Pumzi ya Mita 1,700

Gari likiondoka Mombasa alfajiri likaingia Nairobi mchana, linakuwa limepanda takriban mita 1,700. Abiria wa kiti cha nyuma, vioo vimefungwa na kiyoyozi kinapuliza, huenda asijue. Injini inajua. Kila mita 100 za mwinuko huinyang'anya injini isiyo na turbo karibu asilimia 1 ya nguvu zake, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na injini hiyo haina njia ya kuvuta zaidi ya ile inayoikuta. Ikifika Nairobi, karibu moja ya sita ya nguvu alizolipia mwenye gari imebaki njiani, kati ya Mazeras na Mlolongo.

Nimeanzia kwenye mwinuko kwa makusudi. Mabishano kuhusu injini za magari ya kifahari hutufikia kutoka Ujerumani, Uingereza na Japani, na huko watu hubishania sauti, kasi na kodi ya moshi. Sisi tuna bandari iliyo usawa wa bahari na miji mikubwa iliyo milimani: Nairobi, Eldoret, Arusha, Mbeya. Tena magari haya hutufikia yakiwa yameshatumika, yaje kuishi maisha yao ya pili na ya tatu mikononi mwetu. Mtu akiniuliza ipi bora, yenye turbo au isiyo nayo, kwanza namuuliza gari litakaa wapi, na litakuwa na umri gani.

Sauti tatu zinazofuata nimezipanga mwenyewe, lakini hoja zao nimezisikia mara nyingi kwenye mabaraza na gereji. Mjomba yuko Mombasa. Kazi yake ni kubeba maharusi na wageni wa heshima, mara Diani, mara Malindi, mara Nairobi. Mpwa wake, binti wa dada yake, anaishi Nairobi na ndiye anayemshikia hesabu. Fundi ana gereji yake Changamwe. Lexus LX 570 ya mjomba imeshatembea kilomita 380,000 na sasa inataka mrithi. Mjomba anataka nyingine kama hiyo hiyo, V8 ya cc 5,663 isiyo na turbo. Mpwa anataka LX 600, iliyochukua nafasi yake mwishoni mwa 2021: V6 ya cc 3,445 yenye turbo mbili.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Kahawa hiyo hapo, na kashata. Umekuja kunishawishi, najua, basi niseme langu kwanza. Gari lile pale langoni limenilisha miaka. Sijawahi kulishusha injini. Plagi, oili, mikanda, pampu moja ya maji, basi. Bibi harusi akiingia, haulizi gari lina nguvu za farasi ngapi. Anataka lisitikisike, lisinuke, lisizime kwenye foleni ya kivuko cha Likoni na shela lake limelowa jasho. Hilo ndilo ninalouza mimi. Sasa unaniletea injini yenye mabomba na feni za kuzunguka mara laki moja na zaidi kwa dakika, ya nini?

MPWA: Kwa sababu ya safari za Nairobi, mjomba. Hesabu za mwaka jana ninazo: zaidi ya nusu ya mapato yanatoka kwenye safari ndefu, si harusi. Na mimi nimepanda nawe gari lile kutoka Mtito Andei. Malori manne yamefuatana, mbele wazi mita mia tatu, ukakanyaga mafuta. Gia zikashuka mbili, injini ikapiga kelele, mgeni nyuma akashika mlango. Ukarudi nyuma ya lori. Hiyo si anasa.

MJOMBA: Hiyo ni busara. Nilirudi nikiwa hai.

MPWA: Ulirudi kwa sababu injini haikuwa na pumzi. Tuziangalie karatasi za kiwandani Japani. LX 570 inatoa nguvu za farasi 377, na torki, ile nguvu ya kusokota magurudumu, ni Nm 534 injini ikifika mizunguko 3,200 kwa dakika. LX 600 inatoa farasi 415 na torki ya Nm 650, tena kuanzia mizunguko 2,000 tu. Hapa Mombasa tofauti ya torki ni Nm 116. Sasa zipeleke zote Nairobi. Yako inashuka hadi kama Nm 440. Ya turbo inabaki karibu pale pale, maana feni inazunguka kwa kasi zaidi kufidia wepesi wa hewa. Tofauti imekuwa zaidi ya Nm 200. Ukienda Timboroa, zaidi ya mita 2,700, pengo linazidi. Na gari lenyewe jipya ni jepesi kwa kilo 200 hivi.

Hapa inafaa niingilie kidogo, kwa sababu hesabu ya mpwa ndiyo kiini cha jambo na watu huipita haraka. Injini isiyo na turbo huvuta pumzi yake yenyewe. Pistoni ikishuka ndani ya silinda inaacha nafasi tupu, na uzito wa anga ndio unaosukuma hewa iijaze. Kwa hiyo injini hiyo haiwezi kuizidi anga iliyo juu yake. Nairobi anga ina uzito wa asilimia 82 hivi ya ule wa Mombasa, na injini inapata hicho hicho. Turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi wa moto unaotoka huizungusha ya kwanza, na ya pili hushindilia hewa ndani. Ushindiliaji huo huipasha hewa joto, ndiyo maana kati ya turbo na injini huwekwa intakula, rejeta ya kuipoza hewa kabla haijaingia. Nguvu ambazo zingetupwa nje kupitia ekzosi zinarudi kufanya kazi.

Wazo hili lina zaidi ya miaka mia moja. Mswisi Alfred Büchi aliliandikia hataza mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss wa kampuni ya General Electric aliipandisha injini ya ndege iitwayo Liberty kwenye kilele cha Pikes Peak, mita 4,300 juu ya bahari, aone itafanya nini. Bila turbo ilipoteza karibu theluthi ya nguvu zake. Ilipofungwa turbo zikarudi zote. Kila ninapoisoma habari ile namfikiria dereva wa Eldoret. Jaribio lile kubwa la turbo halikufanywa kwenye uwanja wa mashindano. Lilifanywa mlimani.

MJOMBA: Sikatai fizikia. Lakini yule Büchi wa turbo alikuwa mtu wa injini kubwa za dizeli. Dizeli na turbo ni mke na mume, hilo hata mimi nalijua. Meli zile zinazoingia Kilindini, karibu zote zina turbo, zinavuka bahari mwezi mzima. Malori ya Mtito Andei yana turbo. Land Cruiser ya dizeli yenye turbo inafika Kongo. Dizeli huzunguka taratibu, na moshi wake si wa moto kama wa petroli. Petroli ni kitu kingine. Moshi wake unapita nyuzi 900, turbo inawaka nyekundu kama kaa. Halafu juu yake wanafunika plastiki na mipira, na gari linasimama Changamwe saa nzima katika jua la Februari.

FUNDI: Hapo mzee amesema kweli, dada. Kinachonisumbua mimi si turbo yenyewe, ni joto linalokaa nayo. Hasa V8 za Kijerumani. Zamani mabomba ya ekzosi yalitokea pembeni, kila upande wake. Wakageuza, wakaweka turbo katikati ya V, juu ya injini. BMW ilianza hivyo mwaka 2008, Mercedes-AMG ikafuata 2014. Faida yake ni njia fupi ya moshi, turbo inaamka haraka, na injini inakaa pamoja kama ngumi. Ila joto lote linapanda kwenye bonati na halina pa kwenda. Mpira unakauka, plastiki inavunjika kama biskuti, oili inapikwa. Ulaya gari linakimbia, upepo unapita. Hapa linasimama nyuma ya makontena.

MPWA: Lakini LX 600 si hivyo, fundi.

FUNDI: Si hivyo. Zake ziko pembeni, moja kila upande, na zinapozwa kwa maji. Nasema ili tusiweke turbo zote kapu moja.

MJOMBA: Haya, na ile habari ya Marekani? Mei 2024 Toyota iliyaita yarudishwe magari kama laki moja na elfu mbili, Tundra na hizo hizo LX 600, injini hiyo hiyo. Beringi za krenki zinakufa, gari linazima barabarani. Lexus! Mimi nilinunua jina hilo kwa sababu ya utulivu.

FUNDI: Kweli waliyaita. Ila sababu waliyoitoa ni mabaki ya vyuma yaliyosalia ndani ya injini wakati wa kuichonga kiwandani. Hata injini isiyo na turbo ingekufa kwa uchafu ule. Ukitaka kuilaumu turbo, laumu jambo moja: inafanya beringi zifanye kazi nzito zaidi. Silinda sita zinabeba mzigo uliokuwa wa nane. Ukiwa na nafasi kubwa ya ziada, uchafu kidogo unasamehewa. Ukiwa umebana, hausamehewi.

Neno hilo la fundi, kusamehewa, ndilo ningelichagua kama ningetakiwa kuitetea injini ya zamani kwa neno moja. Watetezi wake wengi hukimbilia sauti na mwitikio, na hayo ni kweli: ukikanyaga, jibu linakuja papo hapo, bila ile nusu ya pumzi ya kungoja feni ijaze. Lakini hoja yenye uzito kwetu ni akiba. V8 kubwa inayozunguka taratibu kwenye barabara tambarare inafanya kazi robo tu ya uwezo wake, siku zote. Mhandisi aliyeichora aliacha unene kwenye vyuma. LS 400 ya mwaka 1989, ambayo ndiyo iliyolitambulisha jina la Lexus duniani, ilitangazwa kwa mnara wa glasi za shampeni uliosimama juu ya bonati magurudumu yakizunguka kwenye mashine kwa kasi kubwa, na hakuna glasi iliyodondoka. Chini ya zile glasi kulikuwa na V8 ya lita 4 isiyo na turbo. Ukoo ule wa LS ulikaa bila turbo miaka 28, hadi LS 500 ilipokuja mwaka 2017.

Hata hivyo mjomba anakosea akidhani turbo ni mgeni kwenye nyumba za wakubwa.

MPWA: Mjomba, Bentley ilifunga turbo kwenye V8 yake ya lita 6.75 tangu 1982. Rolls-Royce Phantom ya 2003 ilikuwa na V12 ya lita 6.75 bila turbo, torki yake Nm 720. Ya 2017 ina V12 ya ukubwa ule ule, wakaongeza turbo mbili: Nm 900, injini ikiwa mizunguko 1,700 tu. Hawakupunguza silinda hata moja, na hakuna aliyewalazimisha kubana petroli. Walitaka gari liondoke bila injini kusikika. Ukiwa na torki chini, hukanyagi. Usipokanyaga, hakuna kelele. Hiyo ndiyo anasa ya kiti cha nyuma, na wewe unauza kiti cha nyuma.

MJOMBA: Hapo umenipata kidogo.

MPWA: Na ya kwako kupiga kelele pale Mtito Andei…

MJOMBA: Nimesema umenipata, usinizike. Lakini nijibu na wewe. Ferrari ya 2024, ile waliyoiita 12Cilindri, V12 ya lita 6.5, haina turbo, inazunguka hadi 9,500. Kama turbo ni bora, mbona wanaolipa fedha nyingi kuliko wote wanauziwa injini isiyo nayo? Na BMW M5 ya 2011, walipoiondoa V10 wakaweka V8 ya turbo, wakalazimika kupitisha sauti ya injini kwenye spika za redio, kwa sababu turbo imeinyamazisha. Mtu anayeigiza sauti yake mwenyewe amepoteza kitu.

MPWA: Amepoteza, nakubali. Ile ni gari ya dereva. Dereva anataka kuisikia injini, na mimi mwenyewe napenda. Bibi harusi wako hataki.

Mjomba alikuwa na haki ya kuhuzunika, na sitaki kuipita huzuni hiyo kana kwamba ni ya kitoto. Mtu aliyesikiliza injini moja kwa miaka kumi anaijua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Turbo hukaa katikati ya bomba la moshi na kulainisha mapigo yake, na pamoja na sauti hupotea sehemu ya taarifa alizokuwa akizisoma dereva mzoefu bila mashine ya kompyuta. Ni hasara ya kweli kwa mafundi wetu wa sikio.

Lakini injini hizi hazikubadilishwa kwa sababu ya bibi harusi wala ya Timboroa. Zilibadilishwa na kodi. Ulaya iliwawekea watengenezaji kikomo cha hewa ukaa, na vipimo vya zamani vya maabara viliendesha gari polepole mno, hali ambamo injini ndogo yenye turbo hupata alama nzuri kwa kuwa turbo haijaanza kazi. China, soko kubwa kuliko yote, tangu 2008 hutoza kodi ya matumizi ya asilimia 40 kwa injini inayozidi lita 4, na chini yake kuna ngazi nyingine kwenye lita 3. Sasa tazama vibao vya injini: V8 ya AMG ina cc 3,982. Silinda sita ya BMW ina cc 2,998, ya Mercedes cc 2,999. Hakuna injinia anayeota cc 2,999. Hiyo ni namba ya mhasibu. Na sisi tunaifuata ngoma hiyo hiyo, kwa kuwa Kenya injini ya petroli inayopita cc 3,000 huingia daraja la juu la ushuru wa bidhaa, na Tanzania ushuru huo hupanda injini inapozidi cc 2,000.

MPWA: Kwa hilo la ushuru, fundi, zote mbili zetu zinapita 3,000. Hatuokoi kitu.

FUNDI: Hamwokoi. Ndiyo maana wenzenu wengi wa Nairobi wanachukua Mjerumani wa silinda sita, 2,998. Kama hili lako, dada.

Mpwa alikuwa ameteremka na gari lake kutoka Nairobi, limeegeshwa nyuma ya lile la mjomba. Fundi alikuwa akilitazama tangu alipofika.

MJOMBA: Tuseme nimekubali. Nanunua ya turbo, ina miaka mitano, imetembea kilomita 60,000 Japani. Mimi nitakaa nayo miaka minane, nimtoe nayo hata mjukuu wangu. Fundi, mbele ya Mwenyezi Mungu, turbo zile zitafika?

FUNDI: Mzee, turbo haifi yenyewe. Huuliwa. Zinazoletwa kwangu naziua… samahani, nazifungua mwenyewe, na nyingi nakuta kitu kimoja. Mhimili ule hauna beringi za gololi kama gurudumu. Nyingi zinaelea juu ya utando wa oili, mwembamba kuliko unywele. Oili ikiwa chafu, mhimili unakwaruzwa. Kichujio kidogo cha njia ya oili kikiziba, mhimili unakauka, na kwa kasi ile sekunde chache zinatosha. Ukitoka kwenye mlima umekanyaga sana, ukazima ghafla, oili iliyobaki ndani inaungua inakuwa masizi. Gari za sasa zina pampu ya umeme inayoendelea kuzungusha maji, lakini dakika moja ya kungoja kabla ya kuzima haijawahi kumuua mtu.

MJOMBA: Na oili yenyewe?

FUNDI: Hapo ndipo nagombana na wateja kila siku. Ulaya baadhi ya watengenezaji huandika ubadilishe baada ya kilomita 30,000 au miaka miwili. Kuna karatasi ya kiwanda na kila kitu. Lakini kiwanda kilikuwa kinafikiria barabara yao, baridi yao, oili yao ya uhakika, na mteja wa kwanza atakayekaa na gari miaka mitatu kisha alirudishe. Hawakumfikiria mteja wa tatu wa Changamwe. Wajapani wengi ni waangalifu zaidi, kwenye injini ya turbo huandika muda mfupi kuliko ile isiyo na turbo. Mimi nasema kilomita 5,000 hadi 7,000, oili halisi, kutoka kwa muuzaji unayemjua, na nambari ile ile ya kitabuni. Ukifanya hivyo, turbo inafika. Usipofanya, hata V8 yako ya lita 5.7 itakufa, ila itachukua muda mrefu zaidi kukuonesha.

Kwangu mimi mjadala mzima unasimama kwenye jibu hilo. Mjomba anaamini anachagua kati ya injini inayodumu na isiyodumu. Ukweli ni kwamba anachagua kati ya injini inayovumilia uzembe wetu na isiyouvumilia. Injini ya zamani ilitulea vibaya. Ilituzoeza kuona kilomita 10,000 za oili nyeusi kama jambo la kawaida, kwa sababu haikulalamika. Sasa tunaingiza magari yaliyochorwa kwa vipimo vya unywele, tunayapa oili ya kubahatisha kutoka kwenye madumu ya kando ya barabara, kisha tunasema turbo ni mbovu. Nakasirika ninapoona familia imeuza shamba ikanunua gari la heshima, na miaka miwili baadaye liko juu ya matofali kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba namba iliyo kwenye kitabu iliandikiwa mtu mwingine.

Kwa hiyo msimamo wangu uko wazi. Kwa njia ya Nairobi na kwingineko kote milimani, mpwa ana haki: gari la kifahari linalokosa pumzi nyuma ya malori ni anasa pungufu na ni hatari. Na kuipenda injini isiyo na turbo hakutairudisha. Lakini mtu anayeishi Lamu, Tanga au Zanzibar, asiyepanda mlima wala kuwa na fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta, ana sababu nzuri ya kushikilia V8 yake na asidanganywe kwamba amebaki nyuma.

MJOMBA: Kuna jambo hamjalisema. Nikitaka nyingine kama ile yangu, nitaipata wapi?

MPWA: Japani hasa. Lexus ilianza kuiuza LX 570 huko mwaka 2015, usukani wa kulia, hadi 2021.

MJOMBA: Na kwa ami yako wa Muscat? Kule V8 zimejaa kama tende.

MPWA: Usukani wa kushoto, mjomba, Kenya haziandikishwi. Hata ya Japani ina muda wake. Gari lililotumika lisizidi miaka minane tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza. Mwaka 2026 linaloruhusiwa ni la kuanzia 2019. Ya 2021, ambayo ni ya mwisho kabisa, mlango wake utafungwa mwaka 2028 ukiisha.

MJOMBA: 2028.

Alinyamaza. Alilitazama gari langoni kwa muda, akahesabu kitu kwenye vidole, akaacha katikati.

MJOMBA: Sikiliza, mwanangu. Mimi sinunui gari kwa karatasi. Hili lako ni la turbo. Kesho alfajiri nipe ufunguo. Nitaliendesha mwenyewe mpaka Nairobi, nilale kwako, keshokutwa niendelee hadi Timboroa. Nitapita malori nikiwa nyuma ya usukani. Nikirudi ndipo tuzungumze mambo ya fedha.

MPWA: Ufunguo huu hapa, mjomba.

FUNDI: Halitoki kesho alfajiri.

MPWA: Kwa nini? Liko sawa, nimetoka nalo Nairobi jana.

FUNDI: Umebadilisha oili lini?

MPWA: Skrini inasema bado kilomita 11,000.

FUNDI: Skrini haijui kwamba mzee anakwenda Timboroa. Mnipe saa moja, niipashe injini moto, nimwage oili.

Alikuwa ameshainama kando ya gurudumu la mbele, karai mkononi, akitafuta kifuniko cha chini.